REDIO YA WATU WA GENGE



Mhariri wetu ameniomba mara mbili niandike kitu katika gazeti hili, nami mara zote mbili nilikataa kwa kuwa mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Lakini sasa liko jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tatu, na nikinyamaza nitakuwa kama mtu aliyeona reli imepasuka akapita zake bila kuweka bendera nyekundu.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi watu wa reli tumezoea kuchekana kwa ajili ya vitu ambavyo mwenzetu anavipenda. Tunacheka chakula chake, tunacheka nyimbo zake, suti yake ya Jumapili, hata namna anavyotamka Kiingereza. Wengi watasema, “Huo ni mzaha tu, bwana. Kazi ni ngumu, tuache tucheke.” Mimi pia nilisema hivyo kwa miaka mingi. Nitaeleza kwa nini sisemi tena.

Katika stesheni moja, ambayo sitaitaja ingawa wenyewe mtaijua, kuna kantini yenye meza ndefu mbili. Meza iliyo karibu na dirisha hukaliwa na makarani, watu wa tiketi, watu wa ishara, na sisi mafundi wa karakana. Meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, kwenye moshi, hukaliwa na watu wa genge, yaani wale wanaoitunza njia, wanaobadili mataruma na kushindilia kokoto. Hakuna mkubwa aliyeandika amri kwamba tukae hivyo. Tulijipanga wenyewe, nami sikumbuki siku tuliyoanza.

Mnyapara wa genge hilo ni mzee ambaye amebakiza miaka miwili astaafu. Ana redio ndogo ambayo kifuniko chake cha betri kilipotea zamani, basi ameifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila siku saa saba huiweka kando ya ndoo ya maji ya kunywa, akatafuta mahali panapopigwa benga, kisha anafungua kopo lake la chakula. Mara nyingi ni omena na ugali. Watu wake hula naye, na wimbo ukiwa mzuri mmoja wao hugonga meza kwa kijiko.

Basi siku hiyo ya mwezi wa tatu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu wa genge waliingia wakiwa wameloa hadi ndani, matope yamewafika magotini. Mzee akawasha redio yake. Hapo karani mmoja kijana akasimama, akabana pua kwa vidole, akaanza kucheza mabega kwa kuiga ule muziki, akasema kwa sauti ya kusikika kantini nzima, “Samaki wa kulisha kuku na muziki wa kufukuzia ndege shambani!”

Tukacheka. Nasema tukacheka, maana mimi nilicheka, tena niliongeza langu moja ambalo sitaliandika hapa. Wala msidhani karani huyo ni mtu mbaya. Ndiye aliyenijazia karatasi zangu za hospitali mke wangu alipolazwa, na hakutaka hata chai. Mtu mwema naye anaweza kufanya jambo hili, kwa kuwa halionekani kama ubaya.

Mzee hakukasirika. Alizima redio, akafunika kopo lake, akalila chakula kilichobaki jioni nadhani. Tangu siku ile watu wa genge hawakuingia tena kantini. Walikwenda kula kwenye kibanda cha troli, ambako bati linavuja. Sisi tukabaki na meza mbili, na wako waliosema kwamba sasa mahali pamekuwa patulivu.

Kwa upande wangu, aibu ina sehemu mbili. Mimi niliyecheka nimelelewa kwa omena. Mama yangu aliipima kwa mkebe sokoni, na fedha ya mkebe ule ndiyo iliyoninunulia daftari. Lakini katika shule ya misheni niliyosoma, mtoto akisikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwingine. Nyimbo za kanisa zilikuwa nyimbo. Nyimbo za arusi za nyumbani zilikuwa kelele. Nawashukuru walimu wangu kwa kunifundisha kusoma na hesabu, kwa kuwa bila hayo nisingeweza kusoma mchoro wa breki. Hata hivyo pamoja na kusoma walinifundisha kuona haya, na somo hilo nililishika upesi kuliko hesabu. Nilipopata kazi mjini nilianza kusema sipendi omena. Si kweli. Naipenda sana, hasa ikikaangwa ikauke na nyanya kidogo. Nilikuwa nanunua soseji mbili na kuzila polepole karibu na dirisha ili nionekane.

Nadhani wengi wetu kwenye meza ya dirishani ni wa namna hiyo. Anayecheka kwa nguvu zaidi mara nyingi ni yule aliyekitoka kile kitu juzijuzi.

Sasa nieleze yaliyofuata. Mwezi wa nne tulikuwa na mkutano wa tawi. Shauri kubwa lilikuwa madai ya makoti ya mvua na mabuti kwa watu wa njia, pamoja na turubai la kujikinga wanapokuwa mbali na stesheni. Katibu wetu alikuwa ameyaandika vizuri, na ilibaki wanachama wayapitishe ili yapelekwe kwa upande wa mwajiri yakiwa na nguvu ya tawi zima. Kwa kanuni zetu mkutano hauwezi kupitisha neno mpaka watimie idadi. Tulihesabu, tukapungukiwa watu tisa. Genge lile lina watu kumi na wanne, na hakuja hata mmoja.

Wako waliosema palepale, “Mnaona? Makoti ni yao na hawakuja.” Nami nilikuwa karibu kusema vilevile. Kisha mwanamke mmoja wa idara ya usafi, ambaye husema mara chache mikutanoni, akauliza, “Waje wakae wapi?” Ukumbi wetu wa mikutano ni ileile kantini.

Katibu akaenda kwenye mazungumzo bila azimio. Alipotaja habari ya makoti, mmoja wa upande wa mwajiri alimjibu hivi, nami nayaandika kama katibu alivyotuambia: kwamba watu wa njia hawana shida nyingi, kwamba ni watu wa maisha rahisi, wakiwa na ugali wao na redio yao wametosheka, na wala hakujapokewa malalamiko kutoka kwao.

Niliposikia hayo nilijua nimeyasikia mahali. Yalikuwa maneno yetu wenyewe ya kantini, ila sasa yamevaa tai.

Hesabu hii ya kumpima mtu mahitaji yake kwa kuangalia anachokula na anachofurahia ni ya zamani sana katika nchi hii, na reli iliikuta mapema. Kila mzee wa reli atakuambia habari za madaraja matatu ya gari moshi wakati wa ukoloni: kwa desturi la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Lakini mabehewa yalikuwa alama tu. Jambo kubwa lilikuwa mshahara. Ilisemwa kwamba Mwafrika anahitaji kidogo. Anakula posho, analala popote, mke wake yuko shamba analima, basi mpe kinachomtosha mtu mmoja kapera. Nyumba nyingi za wafanyakazi Waafrika mjini Nairobi zilijengwa kwa hesabu hiyohiyo, chumba cha kapera, na aliyeleta mke na watoto aliwasonga humo. Hata pale kazi ilipokuwa moja, tume ya Holmes mwaka 1948 ilikubali kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Ngazi hizo za rangi zilikataliwa na tume nyingine, ya Lidbury, mwaka 1954.

Mwaka huohuo wa 1954 ilitoka taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter. Kamati hiyo ilikuwa ya serikali ya kikoloni yenyewe, si ya wachochezi. Nayo ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni, na karibu robo ya walio katika kazi za serikali, walikuwa wanapata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima ya mtu. Ikasema mshahara usihesabiwe tena kwa kapera bali kwa mtu mwenye jamaa. Fikirini, ndugu. Ilihitaji kamati ya serikali ili kugundua kwamba mtu anayekula ugali ana watoto.

Kwa hiyo mtu anaposema “wale wametosheka na omena yao”, hata akisema kwa kucheka, anafanya hesabu ya mwajiri bure, bila kulipwa ovataimu. Mahali pa kuanzia ni palepale. Kwanza unasema kitu anachokipenda ni kitu duni. Halafu unasema mtu wa kupenda kitu duni hahitaji kizuri. Mwishowe koti la mvua linakuwa anasa.

Wazee waliotutangulia waliliona hili. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, watu wapata elfu kumi na tano, wa bandari na wa reli na wa mahoteli na watumishi wa nyumbani, kwa siku 12. Walikusanyika katika uwanja ambao waliuita Kiwanja cha Maskini. Jina hilo hunishangaza kila nikilifikiri. Miongoni mwao walikuwamo makarani waliojua Kiingereza na waliovaa suruali zilizopigwa pasi, na walikuwamo mahamali waliobeba magunia kwa siku. Kama wale makarani wangekuwa na tabia yetu wangetafuta uwanja wenye jina zuri zaidi. Walikaa chini katika Kiwanja cha Maskini pamoja na hamali, wakazungumza shauri moja. Chama chao, African Workers’ Federation, kilizaliwa katika siku hizo, na kiongozi wake Chege Kibachia akakamatwa mwezi wa nane mwaka huohuo akapelekwa Kabarnet. Serikali haikumwogopa kwa sababu ya tai yake. Iliogopa kuona karani na hamali wamekaa mahali pamoja.

Nirudi kwenye muziki, kwa kuwa ndiyo uliotuponza.

Huu muziki wa benga tunaouita wa kufukuzia ndege ulitoka upande wa ziwa, Nyanza, gitaa likijifunza kulia kama nyatiti. Mwenzetu D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati ng’ambo kidogo ya mpaka wa Tanzania, aliupiga na bendi yake ya Shirati Jazz kwa karibu miaka arobaini, na zaidi ya mara moja alitiwa ndani kwa sababu wakubwa walihisi nyimbo zake zinawasema. Alikufa kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Benga haikubaki Nyanza. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliipiga kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kule kwa Wakikuyu akina Daniel Kamau wakaipiga yao. Sijui jambo lingine katika Kenya lililovuka kabila upesi namna hiyo bila kupigiwa kura.

Tena ilivuka na mipaka. Mfanya biashara wa sahani za santuri, Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alizisambaza hadi kusini mwa Afrika. Kule Zimbabwe watu waliupenda muziki huu mpaka wakauita kanindo kwa jina lake, na ule muziki wao wa magitaa uitwao sungura una damu ya benga ndani yake. Basi watu walio mbali mno na Kisumu waliketi kujifunza gitaa letu kwa sikio, noti kwa noti, na sisi hapa tunabana pua.

Sisemi haya ili mzee wa genge aheshimiwe kwa sababu Zimbabwe wameusifu muziki wake. Hata kama ungekuwa haujavuka Kibos ungekuwa haki yake kuusikiliza. Nasema tu kwamba yule anayecheka mara nyingi hajui anachokicheka.

Wala hajui muda si muda kitageuka. Mnakumbuka managu, mrenda na terere. Nilipokuwa mtoto, mgeni wa maana akija mama alizificha mboga hizo akanunua kabichi, ili tusionekane watu wa kuchuma vichakani. Leo mboga hizohizo zinafungwa vizuri katika maduka makubwa ya Nairobi, daktari anaziandika kama dawa, na katika hoteli ukiagiza utalipa zaidi ya kabichi. Ugali wa wimbi na mtama vilevile. Watu walicheka ugali mweusi kwamba ni wa njaa, wakakimbilia unga mweupe, na sasa wenye sukari na wenye magari ndio wanaoutafuta. Mboga haikubadilika hata jani moja. Kilichobadilika ni mtu anayeonekana akiila.

Na mitumba je? Wapo ambao hawawezi kupita Gikomba mchana, hutuma mtu, halafu Jumapili wanacheka suti ya mwenzao kwamba ni ya mitumba kwa sababu yeye hakuficha.

Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya kura, ilipigwa picha ya mtu aliyekuwa katika foleni akila githeri kutoka mfuko wa plastiki. Nchi nzima ilicheka. Picha yake ikabandikwa juu ya kila kitu, ikawa mchezo. Wengi walicheka kwa mapenzi, na mwezi Desemba mwaka huo alipewa hata nishani ya serikali. Lakini mimi niliitazama picha ile nikajiuliza kilichochekesha ni nini. Mtu amesimama muda mrefu kungoja kufanya haki yake, njaa imemshika, amenunua chakula anachokimudu. (Mfuko wenyewe ulipigwa marufuku siku ishirini baadaye, hilo ndilo kosa pekee ninaloliona katika picha, na siku ile halikuwa kosa bado.)

Sasa najua maneno mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa.

Mmoja aliniuliza, “Je, nisiseme hata redio inapopigwa usiku nami nimetoka zamu?” Sema. Hilo ni jambo la usingizi, si la muziki. Ungelisema hata kama redio ingekuwa inapiga wimbo wa dini. Mwenzako akikaanga samaki chumbani mnamoishi wanne, mwambie afungue dirisha. Akinywa mpaka akashindwa kusimama kwenye zamu, mshtaki, kwa sababu garimoshi halina huruma. Kati ya kumwambia mtu “punguza sauti” na kumwambia “muziki wako ni wa washamba” mimi naona umbali mkubwa kama Mombasa na Kisumu. La kwanza linahusu sikio langu. La pili linamhusu yeye, na baba yake, na kijiji kilichomlea.

Mwingine alisema kwamba hata watu wa genge hutucheka sisi. Ni kweli. Wanawaita makarani mikono ya mkate, na sisi mafundi wanatuita watoto wa kivuli kwa kuwa tunafanya kazi chini ya paa. Mimi lilinichekesha. Lakini tazameni vizuri. Mtu wa genge akimcheka karani, karani harudi nyuma hata hatua moja. Kesho atakaa kwenye kiti chake na feni itamzungukia. Karani akimcheka mtu wa genge, huyu anakwenda kula chini ya bati linalovuja. Mzaha ni mmoja kwa masikio, lakini uzito wake si mmoja.

Wa tatu, naye ni rafiki yangu, aliniambia kwamba nataka watu wote wapende vitu vyote. Hapana. Mimi mwenyewe benga hunichosha baada ya nyimbo tatu. Napenda zaidi zile za zamani za Kiswahili, za akina Fadhili William na Daudi Kabaka, na rumba ya polepole Jumapili mchana. Sina haja ya kuipenda redio ya mzee. Nina haja ya kukaa nayo nusu saa bila kujifanya mheshimiwa. Ndani ya gari jipya la Mombasa lililoanza mwaka 2017 kuna daraja la kwanza na daraja la kawaida, na anayelipa zaidi apewe kiti kipana, hiyo ni biashara ya watu. Lakini katika kantini yetu hakuna tikiti. Ile meza ya dirishani hakuna mtu aliyeilipia.

Wiki mbili zilizopita nilichukua chakula changu nikaenda kwenye kibanda cha troli. Nilikuwa nimebeba soseji zangu, nikaona haya, nikazirudisha nikanunua ugali. Nilipofika mzee aliniangalia akasema, “Fundi, umepotea njia?”

Nikamwambia, “Sikupotea, mzee. Nimekuja kuomba radhi kwa ile siku ya mvua.”

Akasema, “Ile siku? Mwanangu, mimi nimechekwa na watu waliokwisha kustaafu kabla hujazaliwa. Kaa.” Akasogeza ndoo nikakalia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi mazuri na sikuyatumia hata moja. Tulikula kidogo, bati likidondosha maji nyuma yangu. Kisha akapunguza sauti ya redio akaniuliza, “Lile shauri la makoti, limefika wapi?”

Nikamweleza juu ya mkutano na wale watu tisa waliopungua. Nikamweleza na jibu la upande wa mwajiri, kwamba wao wametosheka na redio. Watu wake waliacha kula. Mmoja wao, kijana mwenye kidonda cha kokoto mguuni, alicheka peke yake, cheko lisilo zuri. Mzee alinyamaza kwa muda wa wimbo mzima, halafu akasema, “Redio hii niliinunua kwa fedha yangu. Koti ni la kazi yao.” Sijasikia madai yakielezwa kwa maneno machache zaidi ya hayo, nami nimemwomba katibu ayatie katika barua kama yalivyo.

Karani nimemwonyesha maandishi haya kabla hayajapelekwa kuchapwa, kwa maana si haki kumwandika mtu kwa nyuma. Aliyasoma kimya, akanisahihishia herufi mbili, akaniuliza kama ni lazima niandike habari ya kucheza mabega. Nikamwambia ni lazima. Akasema basi niandike pia kwamba mkutano ujao yeye ndiye atakayeandika kumbukumbu, na ataziandika kwa Kiswahili, azisome kwa sauti mwishoni ili kila mtu asikie kilichoandikwa kwa jina lake. Nimeandika.

Mkutano huo utakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri, katika kibanda cha troli, wala si kantini. Katibu amekubali. Shauri ni moja tu, makoti, mabuti na turubai. Njoni mapema kwa sababu mabenchi ni mawili, na kila mtu aje na kikombe chake, maana vya genge ni sita tu. Redio itazimwa wakati wa kuhesabu watu na kupiga kura. Baadaye mzee atafanya apendavyo.

Mimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana